Koa Aishiye Chumvini

Kwa jina lake Yeye aliyetenga nchi kavu na bahari, akaweka uhai pande zote mbili, naanza. Mimi ni mzaliwa wa miteremko ya Meru, juu ya Maji ya Chai, mjukuu wa mwanamke aliyelinda mfereji wetu wa maji.

Nilipokuwa mtoto, Bibi alitufundisha kwamba koa, yule kiumbe mtelezi mfano wa konokono asiye na gamba, ndiye mlinzi wa chemchemi. Chumvi ikimgusa, maji huhama. Kwa hiyo hakuna aliyepita mferejini na chumvi mkononi. Hata ya kupikia ilizungushwa njia ya mbali.

Baba mdogo akaoa Rehema kutoka Tanga. Siku moja Rehema alikuta makoa wakila kabichi zake kando ya mfereji, akawanyunyizia chumvi. Bibi alipomkemea, alicheka kwa upole.

"Mama, kwetu makoa huishi humo humo ndani ya chumvi. Maji yakipwa unawaona kwenye matumbawe, weusi, wana mistari ya samawati na ukingo wa rangi ya chungwa, kama wamevaa kanga."

"Na kuku wenu huko," akauliza jirani, "wanaogelea?"

Tulicheka wote. Juma lile mfereji ukakauka.

Wanaume walipanda mlimani, wakakuta udongo umeporomoka na kuziba njia, wakaizibua. Maji yalirudi, lakini migomba ilikuwa imekwisha kunyauka, na Bibi alimwita Rehema mbele yetu.

"Mwanangu, mimi sikufukuzi. Sema tu kwamba habari ya makoa wa baharini uliitunga kunikejeli, yaishe. Ukikataa, rudi kwenu."

Rehema akasema, "Mama, nimekuamkia kila asubuhi kwa heshima. Kwa chumvi nimekosa, nisamehe. Lakini nilichokiona siwezi kusema sikukiona."

Kesho yake alifunga mzigo. Baba mdogo alimsindikiza hadi barabarani, akarudi peke yake, na hakuoa tena.

Mwaka huu, nikiwa mzee wa magoti mabovu, niliitwa Tanga kwa ibada ya mazishi. Baadaye nikashuka pwani, maji yamepwa. Nikainama kwenye kidimbwi katikati ya matumbawe, na humo alikuwemo: mdogo kuliko kidole, mweusi, mistari ya samawati, ukingo wa chungwa, na mgongoni matamvua ya kupumulia yamechanua kama ua. Alitambaa taratibu juu ya sifongo, kiumbe laini aliyeganda mwambani, ambaye ndiye chakula chake, ametulia katika chumvi ileile iliyowaua wenzake wa kwetu.

Nikaketi juu ya jiwe, nimechoka. Sikuwa na wa kumwambia. Bibi na baba mdogo wamelala chini ya migomba ile, na Rehema sikujua pa kumuulizia. Bibi simhukumu, alikuwa akilinda maji, nasi tuliyanywa. Ila alidhani kazi ya Muumba iliishia pale macho yake yalipoishia.

Nanyi mlionisikiliza, Mungu awape maji yasiyokauka, na awajalie kuaminiwa mngali nyumbani.