Kidole cha Mwisho Hakisamehe

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Ninalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mbele ya safari.

Ni saa tatu asubuhi, na nimewekewa mezani swichi kumi za kibodi ya kompyuta. Swichi ni kile kidude cha plastiki kinachokaa chini ya kila herufi, ukubwa wake kama jino la gego. Mama aliyeketi mbele yangu ananiambia moja kati ya hizo kumi haifanani na wenzake. Niitafute, kisha nimwambie ina nini.

Nabonyeza moja moja kwa kidole cha shahada, nikitikisa kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Ya saba naikamata. Hii ni mbovu, natangaza. Ananiuliza kama nina hakika. Mia kwa mia.

"Hiyo ndiyo nzima," anasema. "Mbovu ni hizo tisa."

Fundi wa lehemu, kwenye meza ya pili, anacheka mpaka anaweka chuma chake chini kisije kikamuunguza. Ananifariji kwamba wahandisi wawili wamewahi kuangukia hapo hapo, kwa hiyo nisijione wa pekee hata katika ujinga.

Karakana hii huunda kibodi za maofisini. Ina vyumba vitatu, watu kumi na mmoja, na feni moja ambayo mama huyu ameipiga marufuku saa za kazi, kwa sababu mtikisiko wake unaingia mezani. Wenzake wanamwita Hakimu. Ana miaka hamsini na minne, miwani iliyofungwa uzi, na kazi ambayo hata mumewe alichukua muda kuielewa: kuchukua swichi arobaini kutoka kila boksi, kuzibonyeza, na kutoa hukumu.

Swichi anazohukumu zina kinundu ndani. Ukibonyeza, katikati ya safari kidole kinakutana na kikwazo kidogo, kinakivuka, na papo hapo herufi inatokea kwenye skrini. Mwandishi haangalii chini. Akikisikia kinundu anajua tayari, anainua kidole na kwenda herufi nyingine.

Tatizo ni kinundu kinachowahi. Kinatangulia, herufi inachelewa nyuma, na mwandishi aliyekiamini ameshaondoka.

"Ni kama yule anayekwambia kwenye simu 'nimeshafika'," anasema Hakimu, "kumbe ndiyo kwanza anatafuta soksi."

Ndipo ananieleza nilipokosea. Kidole cha shahada kina nguvu. Kinavuka kinundu na kwenda kugonga sakafu ya swichi, na huko chini kila herufi hutoka tu. Yeye hupimia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hakina ubavu. Kikishavuka kinundu kinaishia hapo hapo.

"Mwenye nguvu anasamehe bila kujua," anasema. "Huyu mdogo hawezi kusamehe, hana cha kusamehea."

Kidole hicho ndicho kinachoandika A. Hebu tazama sentensi yoyote uliyoisoma hapa, uhesabu A zake. Kwa lugha yetu, kazi nzito kuliko zote kapewa kitinda mimba wa mkono.

Hakimu hakulijua hilo vitabuni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpiga chapa katika ofisi kubwa, na hakuwa na doa. Mwaka wa kumi na tisa ofisi ikanunua kibodi mpya, za kupendeza macho. Wiki ya pili alichapa barua ya kumpendekeza kijana mmoja kwa mwajiri mwingine. Alichokusudia ni kwamba kijana huyo "anaweza kufaa katika kazi hii".

A moja haikutoka. Mkurugenzi akasaini bila kusoma, barua ikaenda, na kesho yake simu ikapigwa kuuliza kijana anaumwa nini.

Alijaribu kusema ni kibodi. Walimcheka kwanza, kisha wakamwachisha kazi.

"Kibodi haiitwi kujieleza," anasema. "Niliitwa mimi."

Alikaa nyumbani mwaka mmoja na miezi minne, akishona vifungo kwenye kibanda cha mumewe, fundi cherehani. Akaja hapa kuosha kibodi za zamani kwa mswaki. Mwezi wa tatu alimwambia mwenye karakana kwamba kibodi moja iliyokuwa inatoka kwenda kwa mteja itameza herufi. Wakaipeleka hivyo hivyo. Ikarudi baada ya siku mbili, na yeye akahamishwa kutoka kwenye beseni kuja mezani.

Mumewe, niliyemkuta kibandani mita ishirini tu kutoka karakana, ana malalamiko yake. Anasema tangu mkewe apate cheo hicho, nyumbani hakuna kitu kinachobonyezwa kwa amani. Taa anaiwasha mara nne, rimoti anaikagua kama mzigo wa forodhani, na juzi, wakiwa mlangoni kwa jirani, kamwambia kengele ya hapo ina walakini.

"Nikamwambia, mke wangu, wewe ingia tu, mwenye nyumba anakungoja," anasema. Kisha anaacha kucheka. Leo hana raha, na anajua kwa nini mkewe ameondoka bila kunywa chai.

Miezi miwili iliyopita karakana ilinunua mashine ya kupima swichi. Inabonyeza yenyewe na kuandika namba: uzito wa kinundu. Uzito ukiwa sawa, inapitisha. Haiulizi kinundu kimekaa wapi. Mara tatu mashine imepitisha na Hakimu akakataa, na kila mara mzigo ukachelewa. Wiki iliyopita meneja alitamka mbele ya wote kwamba wakipingana mara ya nne, mmoja ataondoka kwenye meza hiyo. Kila mtu alielewa kwamba si mashine.

Leo kuna maboksi saba, swichi elfu saba, za kibodi za ofisi ya makarani wanaoandika kutwa. Zinatakiwa saa sita mchana. Mashine imepitisha yote saba. Hakimu amebandika utepe mwekundu kwenye manne.

Namuuliza kwa nini asifumbe jicho safari hii tu. Anafuta miwani kwa pindo la kanga, polepole.

"Kule kuna mtu atakayeitwa kujieleza," anasema.

Akibaki, ana mpango. Anataka kuwafundisha wawili kati ya wenzake kupima kwa kidole, mashine ishike uzito na watu washike mahali pa kinundu. Baadaye angependa kuunda kibodi nyepesi za watu waliochoka vidole, wapiga chapa wa zamani kama yeye. Jina la kibodi hiyo bado, ila fundi wa lehemu ameshapendekeza iitwe Bibi Pumzika.

Saa nne na nusu meneja anaingia. Ni kijana mstaarabu. Anamwamkia kwanza, anauliza habari za nyumbani, ndipo anautazama utepe. Anabonyeza swichi tano sita kutoka boksi jekundu, kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, kama anaua sisimizi. Haoni kasoro.

Anavuta kiti. Anasema anamheshimu kama mama yake mzazi, na asingependa siku hii ifike. Lakini mashine imepimwa kiwandani, na karakana ya watu kumi na mmoja haiwezi kuendeshwa na kidole cha mtu mmoja. Hakimu anajibu kwamba yeye hagombani na mashine. Imeulizwa swali moja na imelijibu vizuri. Meneja anasema swali la pili hakuna aliyeliuliza. Fundi wa lehemu ameinamia chuma chake.

"Mama, tuseme ukweli," meneja anamalizia. "Mteja hatagundua."

Hakimu anasimama. Anachukua kibodi iliyofungwa swichi za boksi jekundu, anaichomeka kwenye kompyuta, na kuisogeza mbele ya kijana.

"Haya, mwanangu. Niandikie barua ya kunifukuza kazi kwa kibodi hii, kwa vidole vyote kumi kama wanavyoandika wao. Ikitoka bila herufi kupungua, nitaondoka nayo mkononi."