Sindano Ndani ya Shuka

Mama Foronya, aliyefua nguo za hospitali kwa miaka kumi na tisa, alikung'uta shuka la wodi ya upasuaji, sindano ikamchoma kidole gumba.

"Kamua, shoga! Kamua damu yote, umwagie dawa ya madoa!" wenzake walimzunguka. Ndivyo walivyozoea.

"Mlinikamua mwaka juzi, hamjachoka?"

Akaenda bombani, akanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Hilo alilisikia akipiga deki mlangoni siku wauguzi walipofundishwa, wafuaji hawakualikwa. Alisikia pia kwamba dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inywewe mapema, na siku tatu zikipita, imekula kwako.

Lakini dirisha la dawa lilitaka fomu ya msimamizi. Siku ya kwanza baada ya kuchomwa, bwana mkubwa alikuwa mkutanoni. Ya pili alikuwa na haraka. Mama Foronya hakulala wala hakutulia. Akiketi anasimama, akisimama anatazama saa. Siku ya tatu asubuhi akamkuta.

"Weka dole hapa, mama, tumalize."

"Pameandikwa nini?"

"Mambo ya kawaida."

Mwaka juzi aliyawekea dole mambo ya kawaida. Mwanawe ndiye aliyemsomea baadaye: nilichomwa kwa uzembe wangu, sikuvaa glavu. Glavu ambazo hakuna aliyempa! Miezi sita alisubiri majibu, mumewe akahamia chumba cha pili. Majibu yakatoka safi, mume hakurudi.

Akaichukua fomu, akatoka nayo hadi kwenye foleni ya wagonjwa. "Nani amesoma hapa? Nisomee, baba, kwa sauti."

Mzee mwenye mkono uliofungwa plasta akasoma. "Nilichomwa kwa uzembe wangu..."

"Ala!" foleni ikaguna.

Msimamizi alikuwa amemfuata. "Mama, tuyamalize ofisini."

"Yanamalizika hapa. Andika sindano iliachwa kwenye shuka. Andika hatuna glavu nene. Kisha mzee asome tena."

Msimamizi akaandika upya. Mzee akasoma. Ndipo Mama Foronya akachovya kidole gumba cha mkono usiochomwa kwenye wino.

Kidonge cha kwanza alikimeza palepale dirishani, saa tatu tu kabla ya siku tatu kutimia. Vilibaki vya wiki nne, na vipimo baada yake.

Akarudi kwenye chumba cha kufulia, akaketi mbali na rundo, mikono mapajani.

"Hukung'uti?" wakamuuliza.

"Glavu zikija."