Bunduki Iliyopigiwa Kura

Kitu cha kwanza kumtia Naftali kichefuchefu siku hiyo kilikuwa kidole cha Muriuki. Kidole kimetoka kwenye mbavu za mbuzi saa hiyo hiyo, kinang'aa mafuta, na sasa kinapapasa mtutu wa bunduki mpya kama shingo ya bibi harusi.

"Ondoa mkono, Muriuki. Hiyo si soseji ya mutura."

"Aah, shemeji! Chuma ni chuma. Mafuta inazuia kutu."

Wanaume saba wa kanisa walikuwa kwenye garage ya Muriuki, Apple Valley, Minnesota, wanakula. Naftali ameoa dada yake Muriuki, Serah, kwa hivyo hana pa kukimbilia. Shemeji ni kama jino bovu, linakuuma na bado unalitafunia.

Huyu Naftali si mtu wa kuchezewa kwa mambo ya nyama. Aliacha shule darasa la saba akaingia bucha moja Nyahururu, na kisu chake kilijulikana mpaka sokoni. Hapa Minnesota ana miaka kumi na nane akigeuza wazee kitandani kwenye nyumba ya wazee kule Maplewood, anawaosha, anawalisha. Lakini jicho la bucha halijafa. Ukivuka barabara mbele ya gari lake, atakwambia unatoa kilo ngapi bila mifupa.

Na kuna jambo moja hawezi kulimeza. Akiwa bado mgeni kwenye kazi ya bucha, mlevi mmoja alimchinja fahali vibaya. Fahali akainuka koo likiwa wazi, akatimua mbio mpaka kwa wauza viazi, watu wakapanda juu ya magunia. Nyama yake jioni ilikuwa nyeusi, inanata, inanuka kama shilingi iliyoshikwa na jasho. Tajiri akaiuza hivyo hivyo. Naftali alitapika nyuma ya bucha. Tangu siku hiyo, mtu anayemuua mnyama mara mbili kwake ni mchafu kuliko choo cha stendi.

Ndiyo maana alimpenda Alvin. Alvin ni fundi wa boiler pale kazini, mzungu mzee wa Oakdale, maneno yake machache kama nywele zake. Mwaka huu alimwambia Naftali waende Colorado mwezi wa kumi wakawinde elk. Elk ni kama swara aliyerithi shamba la mtu: mwili wa ng'ombe wa gredi, pembe kama mti uliokauka.

"Lakini utapimwa," Alvin alisema. "Risasi tano, yadi mia mbili, sahani ya karatasi. Nne ziingie. Zisipoingia unabaki nyumbani. Mimi sifuati damu ya mnyama aliyejeruhiwa siku mbili mlimani."

Naftali alitaka kumkumbatia. Hajawahi kuwinda maishani, na hapa amempata mtu anayechukia kile anachokichukia yeye.

Dukani alishika bunduki ya risasi ya 270, ikamkaa begani kama mtoto aliyelala. Alvin akasema inatosha, elk wengi wamekufa kwa 270 na hawakulalamika. Naftali angelipa hapo hapo, mambo yangeisha. Badala yake akaenda kwanza kuwaambia wanaume, garage ile ile, wiki chache kabla ya siku ya kidole.

Wanaume walikuwa wameshamgawa elk. Elk mwenyewe yuko Colorado anakula majani, na huku Apple Valley mbavu ni za Mzee Eliakim, mwenyekiti wao. Ini na figo ni za Muriuki, na kichwa kina mtu wake wa supu. Na kwa kuwa nyama ni ya wote, bunduki pia ikawa ya wote kuamua. Wakaipigia kura kama wanachagua mweka hazina.

"270?" Mzee Eliakim alitema mfupa. "Kwa mnyama kama huyo? Kijana, hiyo ni ya kufukuza ndege kwa mtama."

"Iko 300 Magnum," Muriuki akasema, simu mkononi imejaa mafuta. "Mnyama mkubwa, namba kubwa. Hata mtoto anajua."

"Mmeshawahi kushika bunduki, nyinyi?" Naftali akauliza.

"Wewe umeshawahi kushika elk?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali. Sita kwa mmoja. Naftali aliangalia midomo ile inayometameta, akasukuma sahani yake mbali. Lakini kesho yake alienda dukani, akanunua Magnum. Hapo ndipo alipojichukia kabisa. Walionyoosha mikono ni wao, lakini aliyetoa kitambulisho kwa kaunta ni yeye, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili.

Jumamosi ya kipimo, siku moja baada ya kile kidole, Muriuki alimfuata mpaka uwanja wa shabaha, eti anachukua video ya kikundi. Alvin akaweka sahani ya karatasi kule mbali, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja.

Risasi ya kwanza Magnum ilimpiga Naftali teke la punda wa Limuru. Darubini ya bunduki ikarudi nyuma, ikampasua juu ya jicho. Damu ikamshuka puani. Ya pili alifumba macho kabla hajavuta. Ya tatu akavuta kidole kama anayeng'oa mwiba. Sahani ilibaki safi, unaweza kuilia pilau.

"Shemeji, unalenga Wisconsin?" Muriuki akapiga kelele.

Alvin alisimama akaweka mkono juu ya bunduki. "Basi. Unaiogopa. Ukimpiga elk hivi, utampiga tumbo."

Tumbo. Naftali akasikia ile harufu ya shilingi yenye jasho, hapa hapa kwenye nyasi safi za Minnesota, akatema mate chini. Alibakiza hatua moja tu awe yule mlevi.

Akamgeukia Muriuki. "Njoo upige wewe. Moja tu."

"Mimi?" Muriuki akarudi nyuma. "Mimi ni wa kamera."

"Si wewe ulisema namba kubwa?"

"Bega yangu, shemeji. Unajua kazi yangu ni ya ku-lift."

"Na yangu? Mimi nainua nini kule, vitunguu?"

Alvin hakuelewa Kiswahili, lakini alielewa. Akaenda kwenye pickup, akarudi na bunduki ya zamani, mbao zake zimechakaa pale shavu linapolala. "270. Ya mke wangu. Ameangusha elk sita nayo. Pumzika nusu saa, kisha nitakupa risasi tano. Tano tu."

Muriuki akainua simu. "Wueh! Bunduki ya mama! Mzee Eliakim lazima aone hii. Atakula mbavu za bunduki ya mama kweli?"

Naftali alipangusa damu kwa mkono wa shati. Akamwangalia shemeji yake, mafuta ya jana bado kwenye kola, na ajabu, aibu haikuja. Kilichokuja ni kinyaa tu, kizito, kama ukifungua friji iliyozimwa wiki mbili.

"Chukua video vizuri," akasema. "Uonyeshe na uso."

Nusu saa ilipoisha, akakaa. Akaweka shavu pale shavu la mama yule lilipokaa miaka yote. Bunduki ilimsukuma, haikumpiga. Moja. Mbili. Ya tatu alifumba macho tena, tabia ya Magnum, akajitukana kwa Kikuyu neno ambalo Serah hajui kwamba analijua. Ya nne akapumua nje kwanza. Ya tano hivyo hivyo.

Alvin aliangalia sahani kwa darubini, akihesabu kwa vidole.

"Nne," akasema. "Moja iko pembeni kabisa, lakini iko. Tunaondoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa kumi, saa kumi alfajiri. Hiyo kubwa irudishe dukani. Hii utaazima."

Naftali alifunga macho, safari hii kwa raha.

"Si nilisema!" Muriuki akamrukia, akampiga mgongoni kwa kiganja chote. "Sasa shemeji, pickup ina viti vinne. Mimi nitakaa wapi?"

"Apple Valley," Naftali akasema.