Nafasi Baada ya Nukta

Kwa miaka kumi na miwili kazi yangu ilikuwa kupeleka barua kwa miguu. Ofisi yetu ilikuwa orofa ya tatu, River Road, juu ya duka la dawa, na kampuni ilitengeneza viti na madawati ya shule. Mimi ndiye niliyejua mlango wa nyuma wa kila mteja. Nilikuwa na kitabu cha kusainisha: barua ikipokelewa, mpokeaji anatia sahihi, nami narudi na ushahidi. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo zile sahihi za watu waliosoma nilizitunza kama mali yangu.

Intaneti ilipoingia ofisini, bosi alituita wawili, mimi na mama aliyekuwa akitupikia chai. Akasema anataka mmoja wetu akae kwenye kompyuta, awe anatuma na kupokea barua. Mwingine atakwenda stoo, Industrial Area, kubeba mbao. Atatuangalia mwezi mmoja kisha aamue.

Wivu ulinishika hapo hapo, na nataka kuuandika jinsi ulivyokuwa. Yule mama hakuwa amenikosea kitu. Alitoka magharibi mwa nchi, akakaa Kinoo na watoto wake watatu, na asubuhi mimi nikifika kutoka Waithaka nilimkuta ameshafagia na maji yanachemka. Chai yake ilikuwa nzuri, sitasema vingine. Kwa masomo hakunizidi sana, labda darasa moja. Lakini wiki ya pili vidole vyake vilikuwa vinaandika bila kutafuta, huku mimi nikiisaka herufi K kama mtu aliyeangusha ufunguo kwenye majani. Mgongo wake ulipokaa kwenye kile kiti cha magurudumu, nilihisi amekaa juu ya miguu yangu.

Fundi aliyekuja kutufundisha alikuwa kijana mwenye haraka.

"Buda, sikiza," akaniambia. "Barua yako haiendi nzima. Inakatwa vipande. Kila kipande kinaandikwa anwani, kinajipitia njia yake. Njia moja ikijaa, kinapita ingine. Vikifika huko vinapangwa tena, inakuwa barua."

"Na kipande kikipotea?"

"Wale wa huko wanaitisha kingine."

Nikaelewa mara moja. Mimi mwenyewe nikikuta askari wa kanju, wale wa baraza la jiji, wamefunga barabara kufukuza wachuuzi, nilikuwa napita uchochoro na barua inafika. Yule mama aliuliza jambo moja tu: "Sasa nibonyeze wapi?"

Jioni ile niliandika kwenye daftari langu: *Mimi najua barua inavyokwenda. Yeye anajua kuituma. Atachukuliwa nani?* Chini yake nikaongeza: *Labda hata hilo ninalodhani najua, silijui.*

Kuna mambo mengine mawili fundi alitwambia. La kwanza, anwani ya imeili haina nafasi ndani yake, imeshikana kama shanga kwenye uzi. La pili, intaneti inapita kwenye waya wa simu, kwa hiyo mtu akiwa ndani ya intaneti, simu ya ofisi haipatikani. Ukipiga utasikia tuu, tuu, tuu.

Siku iliyoamua mambo, bosi alikuwa safarini. Aliacha agizo kwamba orodha ya bei za madawati imfikie mteja mmoja wa karibu na Adams Arcade kabla ya saa saba mchana, na itumwe kwa imeili. Yule mama akakaa. Mimi nikasimama nyuma yake nimsomee anwani kwenye karatasi. Nikasoma jina, nikasema "nukta", nikasoma neno la pili.

Sasa, yeye na mimi tulifundishwa imla kwa njia moja. Mwalimu akisema nukta, unatia nukta, unaacha nafasi, unaanza na herufi kubwa. Ukisahau, kuna fimbo. Mkono uliofundishwa hivyo hausahau. Akatia nukta, gumba lake likagonga kile kitufe kirefu cha chini, likaacha nafasi, kisha akaweka herufi kubwa. Vizuri kabisa, kama mtoto wa namba moja.

Niliiona ile nafasi. Ilikuwa ndogo, kama pengo la jino. Nilikumbuka shanga za fundi. Nikajiambia labda alikuwa anazungumzia anwani za aina nyingine, mimi najua nini. Nikanyamaza.

Hazijaisha dakika mbili, kompyuta ikalia kengele. Kulikuwa na kitu kimerudi, maandishi marefu ya Kiingereza kigumu.

"Ona mzee!" akapiga makofi. "Wametuma risiti tayari. Wewe hapo hata kamba ya kiatu ungekuwa hujafunga."

"Risiti bila sahihi?" nikasema. "Naenda kusainisha."

"Unaenda kusainisha imeili?"

"Barua ni barua."

Alicheka mpaka akashika meza. "Basi ubebe na hewa kidogo mzee, ndiyo imepeleka hiyo barua. Wakutilie sahihi juu yake!"

Nikatoka na kitabu changu kwapani. Ningependa kusema nilikwenda kwa sababu ya ile nafasi. Inawezekana nilikwenda kwa sababu sikuweza kukaa nikichekwa. Sijui ni ipi.

Karani wa pale nilikuwa namfahamu. Akafungua kompyuta yake, akashuka na macho, akapanda.

"Mzee, nisaini nini? Hakuna kitu imefika hapa. Na saa saba mkubwa anafunga hesabu ya bei."

Basi ile risiti ilikuwa barua yetu imerudishwa. Ilikuwa saa sita na robo. Nikaomba simu yake nikapiga ofisini. Tuu, tuu, tuu. Nikapiga tena. Yule mama alikuwa bado ndani ya intaneti, akifanya mazoezi, akidhani kazi imekwisha. Kurudi mjini na kumwambia mwenyewe, saa saba ingenikuta barabarani.

"Umejaribu," karani akasema. "Kaa unywe chai."

Nikakaa. Nikanywa. Hapa ndipo sipendi kuandika. Nyuma ya kitabu changu kulikuwa na namba ya duka la dawa lililo chini yetu, kwa sababu nao niliwapelekea barua. Nilijua iko pale tangu niliposikia tuu ya kwanza. Lakini nilimwona yule mama amesimama mbele ya bosi bila la kusema, kisha nikajiona mimi kwenye kile kiti cha magurudumu, na sikuwa nimefanya ubaya wowote. Nilikuwa nimesoma anwani sawasawa. Nilikuwa nimepiga simu mara mbili. Hakuna ambaye angenilaumu. Nilikunywa kikombe kizima, polepole, na kilikuwa kikubwa.

Kilipokwisha nikapiga duka la dawa.

"Panda juu umwambie yule mama wa chai," nikasema, na nilisema hivyo hivyo, mama wa chai, "aondoe nafasi baada ya nukta. Na herufi iwe ndogo. Atume tena."

"Nukta gani sasa?"

"Yeye ataelewa. Kimbia."

Barua ilifika zikiwa zimebaki dakika nne. Karani akaichapa kwenye karatasi, na akacheka akitia sahihi kitabuni mwangu.

Bosi aliporudi, yule mama alimweleza kila kitu, hata kosa lake, hata kwamba mimi ndiye niliyelijua. Angeweza kunyamaza. Bosi akanisifu, kisha kiti akampa yeye. "Wewe unaelewa," akaniambia, "lakini yeye ana mkono." Nimejaribu kuona alipokosea, sijaona. Ningekuwa bosi ningeamua vivyo hivyo.

Alasiri yangu ya mwisho pale nilimsogelea yule mama nikamwambia. Kwamba niliiona nafasi alipoiweka. Kwamba kule Adams nilikunywa chai kwanza.

Akaacha kuandika. "Kikombe kizima?"

"Kizima."

Akakizungusha kile kiti cha magurudumu, akanigeukia.

"Mzee wangu," akasema, "hata mimi ningekunywa. Lakini mimi ningekunywa haraka."

Akarudi kwenye herufi zake. Niliteremka zile ngazi bado namwonea wivu, na kwa ajili ya jibu lile, nilimwonea zaidi ya asubuhi.