Sura Yangu Kwenye Kiti cha Baba

Mama alikuja Buffalo kutoka Louisville wakati mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili. Alikuja kutusaidia, lakini mtoto alipoanza kulala vizuri akaniambia kitu kingine alichokuwa nacho moyoni. Alitaka picha ya kutundika sebuleni kwake, yeye na baba wamekaa pamoja.

"Bamama yote ya kanisa iko nayo," alisema. "Mimi, ukuta yangu iko tupu."

Baba hana picha hata moja. Alifia njiani tulipokuwa tunakimbia Kivu, kabla hatujafika kambini, na mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Nilimkumbusha mama hilo kwa upole. Akasema anajua. Akasema pia kwamba Wahindi wanaweza kutengeneza picha ya mtu asiye na picha, kwa sababu aliwahi kumsikia mmoja huko Bukavu, enzi za usichana wake, akiwaahidi watu hivyo.

Karibu na Bailey Avenue kuna studio ya mzee mmoja wa Kihindi. Kazi yake kubwa ni picha za pasipoti, ndiyo maana nilikuwa namfahamu. Nilimpeleka mama huko Jumamosi, akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, huku mimi nikitumaini kimoyomoyo kwamba mzee atasema haiwezekani na turudi nyumbani.

Hakusema hivyo. Alituketisha, akavuta kamba iliyokuwa pembeni, na nyuma yetu likashuka pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifalme, ziwa na tausi. Pazia lile alilirithi kwa baba yake, aliyekuwa na studio katika mji mdogo huko Gujarat, naye alilirithi kwa babu. Alisema babu yake aliwapiga picha wachumba ambao wakwe walitaka kuwaona kabla ya kutoa jibu la posa. Wanawake wa heshima hawakuruhusiwa kukaa mbele ya mwanamume mgeni, kwa hiyo bibi yake ndiye aliyewapiga picha, katika chumba cha nyuma, na babu akazisafisha. Waliokuja bila koti waliazimwa koti. Waliokuja bila saa waliazimwa saa. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, kisha baba yake akaipaka rangi kwa brashi, midomo, dhahabu, maua ya kwenye shada.

"Na waliokufa?" nilimuuliza.

"Hao walikuwa wengi," alisema. "Tuliwafungua macho kwa brashi. Asiyekuwa na picha, tulimtafuta ndugu anayefanana naye, tukamkalisha, halafu tukambadilisha."

Akachukua penseli, akaanza kuuliza, nami nikawa mkalimani. Uso wake ulikuwa mrefu au wa duara? Mama alisema alikuwa mtu mzuri. Nywele zilianzia wapi? Mama akaangalia mikono yake. Alikuwa na sharubu? Akasema hapana, kisha akasema labda. Nilimpigia kaka yangu anayeishi Columbus, yeye alikuwa mkubwa kidogo wakati ule, akasema sharubu zilikuwepo, nzito, na anashangaa mama anauliza. Simu ilikuwa kwenye spika. Mama aliyasikia yote.

"Miaka imepita mingi," alimwambia mzee kwa Kiswahili, kana kwamba mzee anaelewa. "Sikumusahau. Ni sura tu ndiyo inakimbia."

Sikutafsiri. Niliona aibu kwa niaba yake, kukaa mbele ya mgeni na kushindwa kusema sura ya mume wake. Mzee alisubiri. Kisha aliweka penseli chini, akamtazama mama, akanitazama mimi. Nilielewa kabla hajafungua mdomo: ndugu wa kukalishwa nilikuwa mimi.

Mama naye alikuwa ananitazama.

"Macho ni yake," alisema polepole. "Bon, sawa. Na hapa kwenye kidevu."

Mzee alileta koti jeusi, akaniwekea kiti pembeni ya kiti cha mama. Mama akasimama haraka.

"Hapana. Mi siwezi kaa pembeni ya mutoto yangu sawa na bwana yangu. Umwambie."

Nilimwambia. Mzee aliinamisha kichwa, akasema hata kwao isingefaa, tutakaa mmoja mmoja. Mama alipigwa picha wa kwanza, ameinamia kidogo upande ambao hapakuwa na mtu. Nilipokaa mimi, kola ya koti ilikuwa imejikunja, mama akanyoosha mkono kuinyoosha kama alivyozoea, kisha akaurudisha kabla haujanigusa, akaenda kusimama mlangoni, akawa anaangalia magari barabarani mpaka tulipomaliza.

Akina mama wa kwetu huwaita watoto wao wa kiume papa, yaani baba. Toka siku ile mama hajaniita hivyo tena.

Picha ilipokuwa tayari, mzee alikuwa ameniongezea umri, mvi kidogo na sharubu nyembamba, katikati ya maneno ya mama na maneno ya kaka. Kitenge cha mama alikipaka kwa mkono. Ilikuwa kazi nzuri. Niliiviringisha kwenye karatasi bila kumwonyesha mke wangu, mama akarudi nayo kwake.

Pasaka ile tulikwenda Louisville. Sebule ya mama ilijaa wamama wa kanisa na sahani za sombe, kisamvu cha kwetu. Binti yangu, ambaye humjibu kila mtu kwa Kiingereza, alisimama chini ya picha akaitazama sana. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwa nini nimemwoa Koko, kama anavyomwita bibi yake.

Waliokijua Kiingereza walicheka kidogo, wakaacha. Wasiokijua waliuliza, wakaambiwa kwa kunong'onezwa. Nilitamani kutoka nje, lakini nilikuwa nimebeba mtoto mchanga na viatu vyangu vilikuwa chini ya rundo la viatu vya wageni.

Mama alitua sufuria.

"Huyo si baba yako," alimwambia mjukuu wake. "Huyo ni bwana yangu."

Mama mmoja mzee, aliyetoka kijiji kimoja na wazazi wangu, alijiinua kwenye kochi akaenda karibu na ukuta. Nilimwomba Mungu asije akasema kitu. Alitazama, akatingisha kichwa.

"Haiko ye kabisa," alisema. "Lakini ni vile alikuwa anaangalia bibi yake."

Mama aliingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

Kaka yangu alinilaumu sana, akasema nimekalia kiti kisicho changu. Sikumbishia. Safari iliyofuata, tulipofika kwa mama, ukuta ulikuwa mtupu, msumari peke yake. Jirani alinidokeza kwamba picha ipo, mama huiondoa tu anaposikia nakuja, na nikishaondoka huirudisha. Mara moja niliingia bila taarifa, nikamkuta amepanda kiti, picha imemjaa mikononi, hajui aifiche wapi. Nilirudi nje nikajifanya nimesahau kitu kwenye gari.

Siku hizi nikitoka Buffalo nalala kwa kaka, huko Columbus, na asubuhi, nikiwa nimebakiza mwendo kidogo kufika Louisville, nasimama kwenye kituo cha mafuta, nampigia mama simu na kumwambia niko karibu. Halafu nanunua kahawa, nainywa taratibu ndani ya gari.