Siku Baba Aliponipeleka Bwawani

Nikifungua kopo la mahindi matamu jikoni kwangu, hapa Uccle, Ubelgiji, harufu ya yale maji yake ya sukari hunifikia kabla sijashika kijiko, na papo hapo najiona nimeketi tena ndani ya boti ndogo ya mbao, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Binti yangu hunicheka. Anasema hajapata kuona mtu mzima anayelizwa na mahindi. Humwacha acheke.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba na mimi tuliishi Saint-Josse, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, tukimsubiri mama aliyekuwa bado Lubumbashi akihangaikia viza. Niwaambie mapema, msije mkababaika kama nilivyobabaika mimi: siku ile mama alikuwa ameshafariki. Simu ililia alfajiri, mimi nimelala fofofo. Kwetu mtoto hapewi habari ya msiba njiani, wala na mtu mmoja. Husubiriwa mpaka nyumba ijae watu, ili akianguka apate wa kumdaka. Kazi ya baba ilikuwa kunitoa nyumbani hadi jioni, wanawake wapate kuandaa kilio. Akanipeleka kuvua samaki.

Yeye alikulia kando ya bwawa la umeme kule Katanga, kwa hiyo bwawa lile la Ardenne, lenye maji meusi na misonobari pande zote, halikumtisha. Boti ilikuwa ya mzee mmoja wa Kibelgiji aliyewahi kufundisha kwetu. Alimkumbatia baba pale ukingoni, hataki kumwachia, akasema, "Pole sana, ndugu yangu." Nikajua anatupa pole ya baridi. Nikamjibu kwa adabu zangu zote kwamba nimevaa soksi mbili mbili.

Tulipofika katikati, baba aliweka makasia, akachomeka punje ya mahindi kwenye ndoana, akanipa ufito.

"Kaa kimya," akaninong'oneza. "Ukisema, samaki itakimbia."

Nilikuwa mtoto mtiifu kupita kiasi. Hata chafya niliimeza. Hapakuwa na boti nyingine, hapakuwa na ndege, na sijawahi tena kukaa mahali pa kimya vile. Kila nilipogeuka nilimkuta baba akinitazama mimi badala ya maji. Nikajisemea, mvuvi gani huyu.

Baadaye sana akasafisha koo.

"Nadine. Bon... niko na kintu ya kukuambia."

"Chut, papa! Samaki itakimbia!"

Akafumba mdomo. Na kweli, haukupita muda, ufito ukapinda, nikavuta, akaja trauti mnene mwenye madoa, akipigapiga mkia miguuni pangu. Nilipiga kelele bwawa zima likasikia.

"Huyu tumuwekee maman ku frigo! Atakula siku atafika!"

"Ndiyo," baba akasema. "Tumuwekee."

Kisha akainama akanawa uso kwa maji yale ya barafu. Akanawa, akanawa tena, mpaka nikamwonea huruma kwa baridi.

Jioni tulikuta kochi letu limetolewa nje hadi kwenye korido. Viti vya kanisani vilikuwa vimepangwa ukutani na watu wamejaa hadi jikoni. Nikadhani habari za samaki wangu zimetutangulia. Nikamwinua juu kwa mikono miwili, nikawatangazia kwamba ni wa maman. Nyumba nzima ikaangua kilio.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia baba kwa kuniacha nifurahi siku nzima. Niliona amenifanya mjinga mbele za watu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba siku ile, tulipokwisha kuondoka ukingoni, hakuwa na bega la kuliegemea wala wa kumwambia pole, isipokuwa mtoto aliyemnyamazisha. Tulikaa ndani ya boti moja, magoti yetu yakigusana, naye akafiwa peke yake kutwa nzima, ili mimi niendelee kuwa na mama mpaka jioni.