Kibakuli Alichoramba Bosi

Harufu ya banda la kuku linapofunguliwa asubuhi hunitoa jasho mpaka leo. Wenzangu husema inawakumbusha nyumbani, mayai ya kienyeji na sikukuu. Mimi inanikumbusha mdogo wangu Shabani akiwa amelegea mapajani mwa mtu, macho yamezama ndani, nami nimesimama pembeni nikijua jambo ambalo nimeapa kutolisema.

Tulikaa nje kidogo ya mji wa Kondoa: Mama, Bibi mzaa baba, mimi, na Shabani aliyekuwa na miezi minane. Baba alikuwa Dodoma mjini kwenye vibarua vya ujenzi. Si kawaida nyumba ya Waislamu kama yetu kufuga mbwa, lakini fisi walikuwa wamekwisha kula mbuzi wetu wawili, basi Baba akatuletea Bosi. Bibi alimpokea kwa sharti: alale nje, ale nje, na asitie mdomo kwenye chombo cha mtu. Chombo kikirambwa na mbwa, alinifundisha huku akihesabu vidole, kinaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo.

Bosi alikuwa mbwa mzuri mwenye tabia moja ya aibu. Nikifungua banda la kuku, yeye ndiye aliyetangulia kuingia, akaramba kila kinyesi kilichodondoka usiku, taratibu, kama mkaguzi aliyetumwa na serikali. Akimaliza hapo alikwenda zizini kutafuna mavi ya mbuzi kama mtu anayekula karanga. Nilikuwa na miaka tisa, nikicheka mpaka mbavu zinauma. Hata wiki ile kuku wetu walipoanza kuharisha na kuzubaa mbawa zimeshuka, Bosi hakuacha kula, nami sikuacha kucheka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo. Kilikuwa kiangazi, bomba la mtaa linatoa maji kwa saa chache tu, na ndoo naibeba mwenyewe kichwani. Adui yangu mkubwa alikuwa kibakuli cha Shabani, kwa sababu uji wa uwele ukikauka unang'ang'ania kama gundi. Siku moja nilikiacha mlangoni nikaingia ndani, kutoka nikamkuta Bosi amekwisha kukiramba. Nikakiokota upesi. Kisha nikakitazama vizuri. Jamani, kilikuwa kinang'aa kuliko nilivyowahi kukiosha mimi!

Nikamimina maji kidogo kwenye beseni, nikakichovya humo humo mara saba, nikihesabu kwa sauti kama tulivyohesabu madrasa, na mara ya mwisho nikatia vumbi. Roho ikatulia. Kesho yake sikungoja Bosi ajiibie. Nilimwita.

Siku ya nne au ya tano, Shabani akaanza kuharisha. Alianza asubuhi, na kufikia kesho yake mchana alikuwa analia bila machozi, midomo imekauka, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Bibi akampanua kinywa, akapitisha kidole kwenye ufizi, akasema neno lililomkata Mama maini.

"Meno ya nailoni."

Kwetu watu wengi waliamini kuwa yapo meno laini, meupe, yanayojificha ndani ya ufizi wa mtoto mchanga, na kwamba yasipong'olewa yanamharisha mpaka afe. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tumpeleke hospitali kwanza."

"Hospitali hawayajui hayo," Bibi akajibu. "Watamchoma sindano, tumrudishe maiti."

Ukiwa mke wa mtu na unaishi na mama mkwe, kuna mahali maneno yako yanakomea. Mama akajifunga kanga, tukatoka.

Fundi wa meno alikuwa mama wa makamo, mpole, mswalihina anayeheshimika mtaani. Alikaa juu ya mkeka kwenye kivuli cha ukuta, na mbele yake kulikuwa na kikombe cha maji ya chumvi na spoku ya baiskeli iliyonolewa. Mtoto aliyetutangulia alikuwa anafutwa damu kidevuni. Kilio chake sitaki kukisikia tena duniani. Bibi akaketi, akampakata Shabani, akamshika kichwa. Fundi akasema bismillahi.

Nikisema, nitachapwa, Bosi atafukuzwa, na nyumba nzima itajua nimeilisha najisi. Nisiposema, ile spoku inaingia. Niliitazama ncha yake, na sauti ikanitoka yenyewe.

"Si meno! Ni Bosi! Anaramba kibakuli chake!"

"Bosi ni nani?" fundi akauliza.

"Mbwa wetu."

Mkono wake ulirudi kama umegusa kaa la moto. "Astaghfirullah! Mtoto analishwa kwenye chombo cha mbwa, halafu mnataka nitie kidole changu kinywani mwake? Kamtwaharisheni kwanza!"

Bibi alinigeukia kwa macho ambayo sijayaona tena. Lakini Mama hakungoja. Alimnyakua Shabani mapajani mwa mkwewe, jambo lisilofanyika kwetu, akasimamisha pikipiki. Nikapanda nyuma yake bila kuambiwa.

Hospitali, Shabani alitundikiwa dripu. Muuguzi alipouliza mtoto alikula nini, nilimweleza yote, hata habari za kuku. Hakunicheka. "Mbwa anayekula mavi ya kuku wagonjwa anabeba vijidudu mdomoni," alisema. "Mwenyewe anaweza kuugua, na anaweza asionyeshe chochote. Mate yake yakibaki kwenye kibakuli, ukamimina uji wa vuguvugu, umewaandalia vijidudu karamu. Ulikiosha kwa sabuni?"

"Nilikiosha mara saba."

"Maji yale yale?"



Tulirudi nyumbani na Shabani mzima siku ya nne. Mama alinichapa huku analia yeye, akirudia, "Mficha maradhi kilio humfichua! Ulikuwa unangoja kilio?" Bosi alibaki, kwa sababu ya fisi, ila alifungwa kamba kila asubuhi mpaka niwe nimefagia banda lote. Bibi naye hakukubali kamwe. Alisema meno yalirudi ndani yenyewe kwa rehema ya Mungu.

Nasema kweli, nilimdharau kwa miaka mingi. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alikuja kunitunza, mzee tayari, haoni vizuri. Alikuwa akisikiliza ninavyochemsha vyombo vya mtoto, nami kwa majivuno yangu nikamsomea somo: kuharisha hakutoki kwenye ufizi, Bibi, kunatoka kwenye mikono, kwenye maji, kwenye vyombo.

"Mimi nilizika wawili kabla ya baba yako," akasema. "Wote waliharisha. Kwa hiyo ilikuwa vyombo vyangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile kwenye mkeka wa fundi tulikuwa wawili tuliojawa na hofu, na hofu yangu ndiyo iliyokuwa ndogo. Nikaacha sufuria, nikamshika mkono.

"Hapana, Bibi," nikamwambia. "Wale ilikuwa meno."